Sumu kwenye mzoga haiishii kwa simba

Simba akivamia zizi usiku na kuangusha ng'ombe, asubuhi mwenye mifugo anabaki na mzoga, hasara na hasira. Dawa ya kuulia wadudu wa shambani ipo, tena kwa bei ndogo. Mfugaji anainyunyiza kwenye nyama akitegemea kwamba simba atarudi jioni kumalizia mawindo yake. Lakini jioni iko mbali. Jua linapanda, hewa inapata joto, na kabla simba hajafikiria kurudi, tumbusi wameshatua.

Nimechagua kuandika kuhusu tumbusi kwa sababu ni mnyamapori anayeuawa kwa wingi, mara nyingi bila mtu kumkusudia, na ndiye tunayemlilia kidogo kuliko wote. Tembo akifa, taifa zima linasikia. Tumbusi wakifa mia, huenda habari isivuke kitongoji.

Tumbusi wetu hawatafuti chakula kwa kunusa. Wanategemea macho. Wanapaa juu sana, wametawanyika, kila mmoja akikagua ardhi iliyo chini yake huku akiwatazama wenzake walio mbali. Mmoja akianza kuteremka, wa jirani anamfuata, naye anafuatwa na mwingine aliye mbali zaidi, mpaka ndege kutoka umbali wa makumi ya kilomita wanakusanyika kwenye mzoga mmoja. Ndiyo maana sumu ambayo ingeua simba wawili au watatu inaweza kufagia tumbusi wa eneo zima kwa asubuhi moja. Mwezi Februari 2018, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, tukio moja la sumu liliua simba 6 na tumbusi 74.

Anayefika mahali kama hapo huona dalili hata kabla ya kupima chochote maabara. Nzi wamekufa wamezagaa juu ya nyama na kuuzunguka mzoga. Ndege wamelala hatua chache tu kutoka walipokula, gole, yaani mfuko wa chakula kooni, bado limejaa, kucha zimekunjwa kwa nguvu. Mara nyingi kinachokutwa ni karbofurani, dawa ya wadudu ambayo mwilini huzuia kimeng'enya kinachozima ishara za neva zikishafika kwenye misuli. Ishara zisipozimwa, misuli hukaza bila kulegea, mate yanajaa, na mwishowe misuli ya kupumua inashindwa kazi. Mbwa wa boma akila nyama hiyo hufa kwa njia hiyo hiyo, na mtu naye anaweza kufa.

Wafugaji peke yao wasibebeshwe lawama yote. Majangili wa tembo wanatumia sumu pia, tena kwa makusudi mabaya zaidi. Tumbusi wakizunguka angani huwaonyesha askari wa wanyamapori mahali tembo alipouawa, wakati mwingine kabla majangili hawajaondoka na meno. Kwa hiyo jangili akishakata meno anatia sumu kwenye mzoga ili kuwaua wale wanaotoboa siri yake. Juni 2019 nchini Botswana, mizoga ya tembo watatu iliyotiwa sumu iliua tumbusi 537. Guinea-Bissau nako zaidi ya tumbusi 2,000 waliuawa kwa sumu kati ya 2019 na 2020, na uchunguzi ulihusisha vifo hivyo na biashara ya viungo vyao kwa ajili ya uganga.

Mtu anaweza kusema ndege ni wengi, watazaliwa wengine. Hapo ndipo hesabu inapogoma. Tumbusi mgongo-mweupe hutaga yai moja tu kwa msimu. Wazazi wanalalia yai hilo kwa zamu karibu miezi miwili, kisha wanalisha kinda kwa takriban miezi minne kabla hajaruka. Kinda akinusurika, anahitaji miaka kadhaa hadi afikie umri wa kutaga. Na sumu ikiua wazazi wakati wa kulea, kinda aliyebaki juu ya mti hufa kwa njaa bila hata kuonja nyama ile, wala hahesabiwi katika idadi ya waliokufa. Jozi moja ikipotea leo, pengo lake haliwezi kuzibwa mwakani.

Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, liliweka spishi nne za tumbusi wa Afrika katika daraja la walio hatarini zaidi kutoweka. Tumbusi mgongo-mweupe, ambaye wengi wetu tulikua tukimwona kila palipochinjwa ng'ombe, alikuwa mmojawapo. Utafiti uliotolewa mwaka huo huo ulionyesha kwamba spishi nane zilizochunguzwa barani zilikuwa zimepungua kwa wastani wa asilimia 62.

Ndege huyu anatufanyia nini? Katika miaka ya 1970, mtafiti David Houston alichunguza tumbusi wa Serengeti na kuona kwamba wanakula nyama nyingi kuliko simba, fisi na wanyama wengine wala nyama wakijumlishwa pamoja. Baadaye, huko Laikipia nchini Kenya, mtafiti Darcy Ogada na wenzake walilinganisha mizoga iliyofikiwa na tumbusi na ile ambayo haikufikiwa. Pasipo tumbusi, mzoga ulichukua karibu mara tatu ya muda kuoza na kwisha. Idadi ya mamalia waliokuja kula iliongezeka mara tatu, na muda waliokaa pale vivyo hivyo. Kwangu mimi matokeo hayo ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko yote kwa mfugaji, kwa sababu fisi na mbweha wanaokutana uso kwa uso kwenye mzoga ndio wanaoweza kuambukizana kichaa cha mbwa, kisha usiku wakapita karibu na boma lako. Tumbusi hadhuriki kirahisi na vimelea vya nyama iliyooza. Tumbo lake lina asidi kali inayoviua vingi kabla havijasambaa.

India ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Kuanzia miaka ya 1990 tumbusi wake walikufa kwa mamilioni, na mwaka 2004 watafiti waliokuwa Pakistan walithibitisha chanzo. Kilikuwa diklofenaki, dawa ya maumivu iliyokuwa ikidungwa ng'ombe, ambayo huharibu figo za tumbusi wakila mzoga wenye mabaki yake. Spishi moja ilipungua kwa zaidi ya asilimia 99. Mizoga ikabaki kwa mbwa wa mitaani, mbwa wakaongezeka, na hatari ya kichaa cha mbwa nayo. Watafiti wa uchumi wamekadiria kwamba kati ya 2000 na 2005 kutoweka kwa tumbusi kulichangia vifo vya ziada vya watu wapatao 500,000. India, Pakistan na Nepal zilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006.

Sasa, nani anaweza kumwambia mfugaji aache sumu bila kumpa njia nyingine? Kifuta jasho cha serikali huchelewa, na kikifika hakilingani na bei ya ng'ombe mnadani. Ninachokiamini mimi ni boma imara. Shambulio likizuiwa, hakuna mzoga wala hasira ya kulipiza. Katika nyika ya Simanjiro wafugaji wamejenga maboma hai, yaani uzio wa wavu wa chuma unaoshikiliwa na miti iliyopandwa kwa matawi ikachipua kuwa nguzo. Simba na fisi hawaupenyi kirahisi, na wake na watoto hawahitaji tena kukata miiba kila msimu. Gharama ya wavu ni kubwa kwa kaya moja, kwa hiyo halmashauri na miradi ya uhifadhi inapaswa kuichangia. Naona fedha hizo zina faida kuliko semina nyingi.

Ukikuta mzoga wenye ndege au nzi waliokufa pembeni, usiuguse kwa mikono mitupu wala usisogeze chochote. Funga mbwa, zuia watoto, na mtu asikate nyama hata kipande. Toa taarifa ofisi ya kijiji au kwa askari wa wanyamapori mara moja, ukitaja mahali na saa uliyouona. Mzoga huo lazima uteketezwe kwa moto wataalamu wakishachukua sampuli, kwa maana ukiachwa utaendelea kuua. Na ukimwona tumbusi amekaa chini anatetemeka, hawezi kuruka, waambie hilo kwanza: daktari wa wanyama akiwahi kumwosha gole na kumpa atropini, dawa ya kupunguza makali ya sumu hiyo, ndege huyo anaweza kupona na kurushwa tena.