Je, wajua kwa nini Mpemba husemwa ni mbishi wa siasa na mgumu kuzoeka?

Methali mbili zinatosha kuonyesha jina walilopewa watu wa Pemba. "Wapemba hujuana kwa vilemba," yaani wana yao wenyewe na mgeni hayajui. "Mpemba hakimbii mvua ndogo," yaani akishika jambo, kumbandua ni kazi. Pita Darajani mjini Unguja au Kariakoo jijini Dar es Salaam, utasikia na nyongeza za siku hizi: Mpemba humkopesha Mpemba mwenziwe tu, Mpemba ni mpinzani wa kuzaliwa, Mpemba hacheki na mtu wa chama kingine. Papo hapo, aliyewahi kulala Wete au Micheweni atakuapia kwamba hajapata kukirimiwa kama alivyokirimiwa huko. Maneno yote hayo hutoka kinywa kimoja.

Tuanze na huo upinzani wa kuzaliwa, maana una tarehe.

Januari 1961 vyama vya Zanzibar viligombea viti 22 vya baraza la kutunga sheria. Chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata 10, Hizbu (Zanzibar Nationalist Party, ZNP) 9, na Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP), iliyokuwa na mizizi yake Pemba, ikapata 3. Jimbo la Chake Chake, katikati ya Pemba, ASP ililichukua kwa kura moja. Moja! Wajumbe watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili wakaenda Hizbu na mmoja ASP, hesabu ikawa 11 kwa 11, na nchi ikalazimika kupiga kura tena mwezi Juni. Ghasia zilizoua watu 68 baada ya kura hiyo ya pili ziliripuka Unguja. Kwa hiyo kisiwa cha Pemba, ambacho leo huitwa ngome ya upinzani, mwaka ule kilikuwa kimegawika nyumba kwa nyumba.

Hata hivyo kilielemea upande wa Hizbu na ZPPP, na sababu yake iko kwenye karafuu. Mwaka 1872 kimbunga kikali kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba zao hilo. Lakini umiliki haukufanana. Unguja, mashamba makubwa yalikuwa ya Waarabu upande wa magharibi na kaskazini, wenyeji wengi wakiwa kusini na mashariki kwenye ardhi ya mawe, na wafanyakazi kutoka bara wakiishi ndani ya mashamba ya watu. Pemba, kwenye vilima na mabonde yenye mvua nyingi, Mpemba mwenyewe alikuwa na mikarafuu yake, pengine michache, karibu na ya jirani yake Mwarabu, na mara nyingi walikuwa wameshaoana. Chama kinachosema "mwenye shamba ni adui", kama ASP, kinapata wasikilizaji wengi pale ambapo msikilizaji hana shamba. Mtu mwenye mikarafuu 30 nyuma ya nyumba husikiliza kwa sikio jingine. Ndiyo maana hata eka tatu tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi hazikuwa na uzito uleule pande zote mbili.

Mapinduzi yenyewe, ya tarehe 12 Januari 1964, yalifanyika Unguja. Pemba yalifika kwa njia ya bahari, na kilichofuata ndicho kilichoigeuza mielemeo ile kuwa msimamo. Wazee wa huko hukiita kipindi hicho wakati wa bakora, watu wakicharazwa hadharani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaja njaa, chakula kutoka nje kikiwa kimezuiwa. Na kwa miaka mingi serikali ilikuwa mnunuzi pekee wa karafuu, ikimlipa mkulima sehemu ndogo tu ya bei ya dunia. Mpemba alijua bei ya Mombasa, na alijua njia ya mashua usiku. Magendo ya karafuu yalizaa doria, doria zikazaa chuki. Mimi naona hapa ndipo penye jibu, kuliko kwenye damu au hulka: mtu akinunuliwa jasho lake kwa bei asiyoipanga miaka 20, halafu akaletewa sanduku la kura, hahitaji kuzaliwa mbishi.

Sanduku lilikuja 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya mfumo huo kurudishwa 1992. CUF, chama cha upinzani, ilizoa viti vyote 21 vya Pemba. Mgombea wake wa urais, Maalim Seif Sharif Hamad, mtoto wa Mtambwe, alitangazwa kupata asilimia 49.8 dhidi ya 50.2 za Salmin Amour wa chama tawala, CCM. Watu husahau kwamba Maalim Seif huyohuyo alikuwa Waziri Kiongozi kwa tiketi ya CCM kuanzia 1984 hadi 1988. Na Dk. Ali Mohamed Shein, aliyekuwa Rais wa Zanzibar kupitia CCM kutoka 2010 hadi 2020, ni Mpemba wa Chokocho.

Sasa huo ugumu wa kuzoeka. Sehemu yake ni biashara: watu walioondoka kwao kwa wimbi baada ya 1964, kwenda Unguja, Tanga, Dar es Salaam na Mombasa, walianza maduka kwa mtaji wa jamaa, maana hakuna benki iliyowajua. Anayetazama kutoka nje huona vilemba vinajuana. Sehemu nyingine ni kususiana. Baada ya 1995, na zaidi baada ya tarehe 26 na 27 Januari 2001, waandamanaji walipopigwa risasi na zaidi ya watu 30 kufa, huku wengine zaidi ya 2,000 wakikimbilia Shimoni nchini Kenya, vijiji viligawika hadi kwenye duka la kununua sukari na maziko ya kuhudhuria. Mgeni aliyefika kipindi hicho, akaulizwa kwanza ni wa chama gani, alirudi na hadithi yake, na hadithi ikawa sifa ya kisiwa kizima.

Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif wakakutana Ikulu. Julai 2010 wananchi wakaipitisha serikali ya umoja wa kitaifa kwa asilimia 66 ya kura, na kususiana kukapoa, watu wakazikana bila kuulizana kadi. Oktoba 2015 matokeo ya uchaguzi yalipofutwa na kura kurudiwa Machi 2016 bila CUF, kususiana kukarudi Pemba, kwenye maduka yaleyale.