Mapigo ya bendi ni nini?

Mapigo ni muda uliogawanywa sawasawa, ambao wanabendi wote wanaujengea nota zao. Tusiuchanganye na mdundo. Mdundo ni mpangilio wa sauti fupi na ndefu anaoupiga mwenye ngoma ndogo. Mapigo yanaendelea hata pale asipopiga mtu yeyote. Kasi nayo ni idadi tu ya mapigo kwa dakika. Machi ya gwaride kwa kawaida huenda mapigo 120, yaani nusu sekunde kila hatua, na pigo la kwanza huangukia mguu wa kushoto.

Arusha na Moshi watoto wengi wanakua wakisikia tarumbeta za KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), kwa hiyo wanafika shuleni sikio limeshazoea sauti zinazopangana. Muda ndio unaowashinda. Halafu walimu tunampa ngoma kubwa yule aliyeshindwa kupuliza, wakati bendi nzima itamtegemea yeye! Kwangu mimi, huyo angechaguliwa wa kwanza.

Mapigo hufundishwa kabla ya kushika fimbo za ngoma. Wanafunzi wakanyage papo hapo, wahesabu moja hadi nne kwa sauti, kisha wahesabu kimoyomoyo mara mbili na wote wapige kofi kwenye "moja" inayofuata. Makofi yakitawanyika, umeshajua nani anakimbia. Rudieni kwa kunong'ona, kisha kwa kelele, maana watoto wakipiga kwa nguvu huongeza mwendo bila kujua, na wakipiga kwa sauti ya chini huanza kuburuta.

Uwanjani kuna tatizo jingine, na hili halitokani na uzembe. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Waweke wapiga ngoma upande mmoja wa Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, na wapuliza tarumbeta mita 68 kutoka hapo: pigo litawafikia limechelewa sekunde 0.2, karibu nusu ya hatua. Wakilifuata kwa sikio, sauti yao nayo itachelewa tena ikirudi kwa wapiga ngoma, na hao wakiamua kuwasubiri, machi nzima itazorota. Ndiyo maana walio mbali hufuata fimbo ya kiongozi kwa macho, na ngoma kubwa hupangwa katikati ya safu, si mkiani.