Koo limeacha kuuma, bakteria bado wamo

Mafindofindo yakirudi wiki mbili baada ya dozi, watu husema dawa imezoeleka. Lakini Streptococcus pyogenes, bakteria mkuu wa maambukizi ya koo, penisilini bado inamweza, na imetumika tangu miaka ya 1940. Kuna hali nyingine isiyozungumzwa sana: ustahimilivu. Bakteria mstahimilivu haongezeki dawa ikiwapo, ila hafi.

Penisilini na amoksilini huua kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria. Asiyejenga haziwezi kumdhuru. Akijificha kwenye vishimo vya findo, chini ya utando wa ute aliojitengenezea na wenzake, au ndani ya seli zetu, hupunguza kukua na kusubiri. Dawa ikikatizwa, huamka.

Kipimo cha kawaida cha maabara, cha vikaratasi vyenye dawa kwenye kisahani, hakimnasi, maana huonyesha tu pale bakteria waliposhindwa kuota. Inabidi kulinganisha kiasi cha dawa kinachozuia kukua na kile kinachoua asilimia 99.9 ya bakteria. Cha pili kikifika mara 32 ya cha kwanza au zaidi, huo ni ustahimilivu.

Kwa hiyo siku 10 za dawa si mapambo, hata kama maumivu yameisha siku ya tatu. Hapa ndipo hesabu ya chupa huharibu tiba. Mtoto wa kilo 15 akiandikiwa amoksilini miligramu 50 kwa kilo, mara moja kwa siku, anahitaji miligramu 750. Kwa dawa ya maji yenye miligramu 125 katika mililita 5, hiyo ni mililita 30 kila siku: chupa ya mililita 100 inakatika siku ya nne. Zinahitajika chupa tatu, na mzazi mara nyingi hutoka dukani na moja! Usizitie maji zote kwa pamoja. Ikishachanganywa, dawa hudumu siku chache tu zilizoandikwa kwenye lebo.

Familia isiyoweza siku 10 imuulize daktari kuhusu sindano moja ya benzathini penisilini: yuniti 600,000 chini ya kilo 27, na 1,200,000 kuanzia hapo. Tiba ikianza ndani ya siku 9 tangu koo liume, huzuia homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo.

Koo lenye kikohozi na mafua kwa kawaida ni la virusi, halihitaji antibiotiki. Likijirudia, usijinunulie azithromaisini, maana kwa dawa hiyo usugu wa kweli upo. Omba kipimo cha pamba, ipitishwe kwenye mafindo yote mawili, kabla ya kumeza kidonge kipya.