Uprogramu wa masharti: wanayodhani watu, na ilivyo

Kila Januari, ofisini kwa walimu hapa kwetu Tabora, mwalimu wa taaluma hutandaza manila ya ratiba, akaandika na kufuta mpaka karatasi inatoboka. Nikamwambia kompyuta inaweza kazi hiyo: unaiandikia masharti, yenyewe inatafuta ratiba inayoyatimiza yote. Ndio huitwa uprogramu wa masharti. Maneno yakaanza hapo.

"Hizo ni programu za wenye pesa."

Za kulipia zipo, mfano CP Optimizer ya IBM, ingawa hata hiyo wanafunzi hupewa bure. Lakini MiniZinc, lugha ya kuandikia masharti inayotoka Chuo Kikuu cha Monash kule Australia, ni ya bure kwa yeyote, na ukiipakua inakuja na vitatuzi vyake, yaani programu zinazolitafuta jibu, Gecode na Chuffed vikiwemo. OR-Tools ya Google nayo ni bure. Ukijua kidogo Python, lugha ya kuandikia programu, anzia hapo. Wa kujifunza kwa mwalimu, maprofesa Peter Stuckey na Jimmy Lee wana kozi zao za MiniZinc kwenye Coursera, tovuti ya masomo ya mtandaoni.

"Bando litakwisha."

Linaliwa siku ya kupakua tu. Baada ya hapo laptopu inajitegemea, mtandao uwepo usiwepo. Mwenzangu wa Urambo nilimpelekea kwenye flashi.

"Kompyuta inabahatisha kila kitu mpaka ipatie."

Hapa ndipo nabishana na watu zaidi. Chukua ramani ya mkoa wetu: wilaya 7, rangi 4, zinazopakana zisifanane. Ukibahatisha una namna 16,384 za kupaka. Kitatuzi hakiendi hivyo. Uyui ikishapewa nyekundu, papo hapo nyekundu inafutwa Nzega na kwa kila jirani mwingine. Jirani aliyebakiwa na rangi moja anapewa hiyo, naye anaifuta kwa wenzake. Njia ikiziba, kinarudi nyuma kidogo na kushika nyingine. Wanaopanda treni ya Kigoma wanaijua hesabu hii: njia ni moja, treni ikishika kipande cha kati ya stesheni mbili, ya upande wa pili inangoja kwenye njia ya kupishana, na kungoja huko kunasogeza saa za stesheni zote za mbele.

"Mpaka uwe fundi wa kompyuta."

Kwenye MiniZinc, sharti la "hawa wote wasifanane" ni neno moja, alldifferent. Ukiweza kueleza masharti yako kwa mdomo bila kujipinga, sehemu ngumu umeimaliza.

"Ikisema hakuna jibu, imeharibika."

Hili lilinikuta mwenyewe. Ratiba yangu ya kwanza ilirudi na neno UNSATISFIABLE, yaani masharti hayatimiziki. Nikaifuta programu, nikaipakia upya, ikarudia lile lile. Jioni nikakaa na kalamu: nilidai vipindi 26 vya Hisabati, mwalimu mmoja, vyote kabla ya chakula cha mchana. Asubuhi tuna vipindi 5, siku 5: jumla 25. Nikapeleka kimoja mchana wa Alhamisi, ratiba ikatoka.