Kalibu ya kusubu vichwa vya bastola: kipenyo kwanza, greni baadaye

Wakuu, swali linalonijia kuliko yote kwenye hii kazi ya kusubu vichwa vya risasi nyumbani ni "ninunue kalibu ya greni ngapi?" (kalibu ni chombo cha kumiminia madini yaliyoyeyuka, greni ni kipimo kidogo cha uzito wa kichwa). Mimi huwa narudisha swali, mtutu wako unapima ngapi kwa ndani? Wengi wanakuwa hawajawahi kuupima, na hapo ndipo pesa ya kalibu inapopotea. Kwahiyo leo naanzia hapo. (Nikisema kichwa namaanisha kile kipande kinachotoka mtutuni, sio risasi nzima yenye ganda, baruti na fataki. Na haya yote ni kwa mwenye bastola anayoimiliki kihalali na sheria ya anapoishi inamruhusu kujijazia risasi mwenyewe.)

Kichwa cha kiwandani chenye koti la shaba kinavumilia mambo mengi, hiki cha kwetu cha madini ya risasi hakivumilii. Kikiwa chembamba kuliko mifereji ya ndani ya mtutu, gesi ya moto inapenya pembeni, inakula ubavu wa kichwa na kuupaka humo ndani, ukichungulia unaona utando wa kijivu umeng'ang'ania na shabaha imeshaanza kutawanyika. Watu wakiona hivyo wanakimbilia kusema madini yangu ni laini wanaanza kutafuta magumu zaidi, wakati mara nyingi shida ni kipenyo tu. Ugumu nao una kazi yake ila unakuja baadaye.

Kupima sio kazi kubwa. Hakikisha bastola haina kitu, fungua, toa mtutu kama inatoka, paka mafuta kidogo ndani halafu sukuma kipande cha madini laini kabisa yasiyochanganywa kitu kipite mtutu mzima, kikitoka upande wa pili kimebeba alama zote za mifereji. Pima sehemu iliyo nene kwa maikromita, kalipa ya kawaida inadanganya kwenye elfu za inchi (elfu moja hapa ni inchi 0.001). Kichwa chako kizidi hapo kwa elfu moja ya inchi, hata mbili ni sawa. Ndio maana saizi ya risasi ya 9mm, ambayo kwa karatasi ni inchi 0.355, sisi tunaisubia 0.356 hadi 0.358, .38 na .357 tunatumia 0.358, na .45 ACP tunatumia 0.452.

Wenye rivolva wana hatua moja ya ziada na msiiruke. Mbele ya kila chumba cha silinda kuna koo ambalo kichwa kinapita kabla hakijafika mtutuni, na likiwa jembamba kuliko mtutu linakiminya kichwa, kinafika mtutuni kimeshakuwa kidogo na hata ungenunua kalibu nene namna gani haikusaidii. Jaribu kwa mkono: kichwa kipite kooni kwa kusukumwa na kidole, kisidondoke chenyewe na kisigome.

Haya, sasa greni. Ushauri wangu kwa kalibu ya kwanza ni mmoja na nausimamia: nunua uzito ambao bastola yako ilizoea tangu zamani. Kwa .38 Special ni 158, kwa .45 ACP ni 230 au 200, kwa 9mm ni kati ya 115 na 125, kwa .44 ni kama 240 hadi 250. Ukiacha mazoea, sababu iko kwenye shabaha ya bastola yenyewe, hasa zile ambazo kiona-shabaha chake kimegandishwa hakisogei. Kichwa kizito kinaenda taratibu, kinakaa mtutuni muda mrefu kidogo huku mtutu unanyanyuka kwa teke (ule mrudo wa bastola mkononi), kwahiyo kinatoka ukiwa umeshainuka na kinapiga juu. Chepesi kinatoka haraka kinapiga chini. Mtu anashangaa, kizito si ndio kingeshuka? Kwa umbali wa bastola hapana, ni kinyume chake. Sasa rivolva ya .38 yenye shabaha iliyogandishwa kwa kawaida imepangwa kwa 158, ukiitilia vichwa vyepesi vya 110 utapiga chini ya unapolenga na hakuna skrubu ya kuzungusha.

9mm naomba tukae nayo kidogo maana ndiyo inasumbua wengi. Kichwa cha 147 kinavutia, kina teke la taratibu na wengi wanakisifia. Tatizo ni kirefu, na ganda la 9mm kwa ndani ukuta wake unanenepa kadiri unavyoshuka kwenda kitakoni. Kichwa chetu cha kusubu ni kinene kuliko cha kiwandani tayari, ukikishindilia kina kirefu kinafika kule ukuta ulikonenepa, mambo mawili yanatokea: ganda linavimba risasi isiingie chumbani, au ganda linashinda na kukiminya kitako cha kichwa. Ukishaminywa kitako tumerudi kule kule kwenye utando wa kijivu, na hapo ulishapima kila kitu vizuri unabaki unajiuliza umekosea wapi. Ukitaka kujua, toa kichwa kimoja kwenye ganda kwa nyundo ya kuvutia, pima kitako chake upya. Isitoshe ganda lenyewe ni dogo, kushindilia kichwa kina kirefu kunapandisha presha, na presha ya 9mm sio ya kuchezea. Ndio maana nawaambia waanze na 120 au 125, wakishaelewa tabia ya bastola yao 147 wataikuta. Na kwa uzito wowote ule kiasi cha baruti unakitoa kwenye kitabu cha vipimo kwa kichwa cha kusubu cha uzito ule ule, usibahatishe na usiazime kipimo cha kichwa cha shaba.

Uzito una upande wa mfuko pia. Kilo moja ya madini ni kama greni 15,432, kwahiyo ukisubu 120 unapata vichwa kama 128, ukisubu 158 unapata 97, ukisubu 230 ni 67 tu. Kama madini kwako ni ya kutafuta kwa tochi, mpiga .45 anaona faida ya kushuka kwenye 200, na ile ya 200 yenye bega kali inatoboa karatasi tundu safi la duara, kuhesabu pointi ni raha. Kwa .38 ya karatasi tu kuna ile ya 148 iliyokatwa bapa mbele, mwendo wa pole, ni tamu sana kulengea ila haifai kwa kitu kingine.

Kusoma jina la kalibu: za Lee (Lee na Lyman ni watengenezaji wa kalibu) zinasomeka moja kwa moja, 358-158-RF maana yake kipenyo inchi 0.358, greni 158, pua ya duara iliyokatwa bapa. TC ni pua ya koni iliyokatwa, SWC ni yenye bega. Lyman wao wanaandika tarakimu sita, tatu za mwanzo ndio kipenyo na zilizobaki ni namba ya muundo, kwahiyo 429421, ule muundo maarufu wa .44 wa Elmer Keith, mwandishi wa Kimarekani wa mambo ya bunduki, hiyo 421 isikudanganye ukadhani ni greni, ni kama 245.

Hata greni iliyoandikwa ni ya mchanganyiko fulani tu. Lyman wanapima kwa aloi yao namba 2, madini ya risasi asilimia 90, bati 5, antimoni 5. Wewe ukimimina madini laini matupu kichwa kinatoka kizito zaidi kwa greni kadhaa, ukimimina madini ya herufi za matbaa yenye antimoni nyingi kinatoka chepesi na kinene kidogo. Vizito vya kusawazishia matairi vinakaa katikati na kwa bastola za kawaida vinatosha kabisa, ongeza bati kidogo ili kalibu ijae kona zote. Ila vichambue, siku hizi vingi ni vya zinki na zinki ikiingia kwenye sufuria vichwa havijai. Inayeyuka kama nyuzi 420 za Selsiasi wakati madini ya risasi ni 327, kwahiyo usipozidisha moto vinaelea juu unavikomba.

Kalibu yenyewe ni ya alumini, chuma au shaba nyeupe. Alumini ni nyepesi, inapata moto haraka, bei nafuu, ila ni laini, ukiipiga au kuilazimisha inapinda mapema. Chuma kinadumu miaka na miaka ukikipaka mafuta kisipate kutu, ila cha matundu manne (kinachotoa vichwa vinne kwa mmimino mmoja) baada ya nusu saa mkono unalia. Shaba inashika joto vizuri sana nayo ni nzito. Kwa anayeanza nasema alumini ya matundu mawili, ya sita ununue ukishajua kwamba kichwa hicho bastola yako inakipenda, maana matundu sita ya kichwa kisichofaa ni hasara mara sita.

Kitako, chagua bapa. Kile kilichochongwa ukingo kinaingia kwenye ganda kirahisi lakini mimi sikipendi, kitako ndicho cha mwisho kuachana na mtutu na gesi inakisukuma yote kwa pamoja, kikiwa na pengo au ukingo usiojaa upande mmoja kichwa kinaenda pembeni. Ndio maana nikikagua vichwa naanza kuangalia kitako, pua yenye mkunjo mdogo naweza kuisamehe, kitako kibovu kinarudi sufuriani.

Na kama unapanga kupaka ile rangi ya unga inayookwa kwenye oveni badala ya grisi ya kulainishia kichwa (sio oveni ya chakula jamani), kumbuka inaongeza kama elfu mbili za inchi kwenye kipenyo, kwahiyo kalibu ya 0.356 inaweza kukutosha pale ulipokuwa unatafuta 0.358.

Siku ya kwanza ya kalibu mpya ioshe mafuta ya kiwandani, ipashe moto, na vile vichwa vya mwanzo vyenye mikunjo virudishe, kalibu bado ya baridi. Kusiwe na tone la maji karibu na sufuria, unyevu ukizama kwenye madini yaliyoyeyuka unaruka mvuke na kurusha madini usoni, kwahiyo miwani, glovu, sehemu yenye hewa, na mikono inaoshwa kwa sabuni kabla hujagusa chakula. Vikishaanza kutoka visafi pima kumi kwenye mizani, chepesi kuliko wenzake kina tundu la hewa ndani. Uzito utakaoupata hapo, pamoja na mchanganyiko ulioutumia, uandike kwenye boksi la kalibu, ndio uzito utakaofungulia kitabu cha baruti.