Mwongoza liturujia ni nani?

Mwongoza liturujia ni mtu anayeshika utaratibu wa ibada ili waumini waifanye kwa pamoja. Ndiye anayewaalika kusali, anayeanzisha zaburi ya kuitikizana, anayeongoza maungamo na maombi. Kuhubiri si lazima kuwe kazi yake. Anaweza kuwa padri, mchungaji, shemasi au muumini wa kawaida aliyeandaliwa.

Neno liturujia halikuanzia kanisani; limetokana na neno la Kigiriki leitourgia. Huko Athens, katika karne ya 5 na ya 4 kabla ya Kristo, leitourgia ilikuwa wajibu wa raia tajiri kugharimia jambo la umma kwa mali yake. Mmoja alilipia kwaya ya tamthilia katika sikukuu ya Dionysos, mungu wa divai wa Wagiriki, kuanzia mazoezi hadi mavazi. Mwingine alitunza manowari mwaka mzima, yenye watu wapatao 200. Aliyepewa wajibu huo, akiona yupo tajiri kumzidi ambaye hakupewa, aliweza kumtaka aupokee mzigo huo, la sivyo wabadilishane mali! Baadaye Wayahudi waliotafsiri Maandiko kwa Kigiriki walilitumia neno hilo kwa huduma ya makuhani. Naye Paulo, katika Warumi 13:6, anawaita wenye mamlaka wanaolipwa kodi kwa jina la watumishi wa namna hiyohiyo.

Kwa hiyo kiini chake ni kuwatumikia watu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, katika hati yake ya liturujia ya mwaka 1963, ulitaka waumini washiriki kikamilifu, kwa kuelewa na kwa kutenda. Ndiyo maana naona vibaya mwongozaji anapojaza maelezo yake kati ya sala na sala. Anasema "Tuombe," kisha anaongea yeye hadi mwisho, na watu waliokuja kuomba wanabaki watazamaji.

Taifa nalo lina ibada zake zisizo za dini: kuapishwa kwa viongozi, maziko ya kitaifa, kuwakumbuka waliokufa vitani. Tarehe 11 Novemba 1919 Uingereza ilinyamaza dakika mbili kwa ajili ya wafu wa vita. Umati hauwezi kunyamaza hivyo pasipo mtu wa kuuanzisha ukimya na kuufunga. Anayeongoza shughuli kama hiyo, hata akiitwa mshereheshaji au afisa itifaki, anafanya kazi ileile, na maandalizi yake ni yaleyale: saa isiyokosea, mpangilio wa nani anamfuata nani, na orodha ya majina ya marehemu ambayo familia zimeshamwonyesha namna ya kuyatamka.