John Denver na mkusanyo wa 1973: dhana potofu na ukweli

Muziki wa kantri una wapenzi wengi hapa Nakuru, na Jumapili asubuhi si ajabu kusikia sauti ya John Denver, mwimbaji wa Marekani, ikitoka katika matatu ya Njoro na katika kinyozi cha jirani kwa wakati mmoja. Wengi wetu tulimfahamu kupitia mkusanyo wa nyimbo zake zilizopendwa zaidi, "John Denver's Greatest Hits", uliotolewa mwaka wa 1973. Mkusanyo huo unastahili kuelezwa kwa haki, kwa sababu mengi yanayosemwa kuuhusu si kweli.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba mkusanyo wa aina hii ni nyimbo kuukuu zilizookotwa huku na huku na kuuzwa mara ya pili bila mwimbaji kutoa jasho lolote. Ukweli ni kwamba Denver alirudi studioni akarekodi upya nyimbo zake kadhaa za mwanzo, kwa kuwa aliona uimbaji wake ulikuwa umekomaa. "Leaving on a Jet Plane", aliyoitunga mwaka wa 1966 na kuitia katika albamu yake ya 1969, imo humo katika rekodi mpya. Vijana wanaotuwekea nyimbo kwenye flashi mara nyingi huziweka rekodi hizo mbili chini ya jina moja, na anayesikia tofauti hudhani moja ni ya mwigaji. Zote mbili ni zake, na mimi huipenda zaidi ile ya 1973. Wanaodai kuwa wimbo wenyewe ni wa Peter, Paul and Mary wanachanganya mtunzi na waimbaji: kundi hilo liliufikisha namba moja Marekani mwaka wa 1969, lakini mtunzi ni Denver.

Wapo pia wanaoamini kwamba mkusanyo hutoka msanii anapostaafu. Denver alikuwa na umri wa miaka 29 tu, na baadhi ya nyimbo zake kubwa zilikuwa hazijatoka bado. "Annie's Song" ilitoka mwaka wa 1974, kwa hiyo anayeitafuta katika mkusanyo huu anajisumbua bure. Imo katika mkusanyo wa pili, wa mwaka wa 1977. Vivyo hivyo, "Sunshine on My Shoulders", iliyokuwa katika albamu ya 1971, ilifika namba moja Marekani mwaka wa 1974, wakati mkusanyo ulikuwa tayari madukani. Wengi huuchukulia wimbo huo kuwa wa siku ya raha, ilhali Denver alisimulia kwamba aliutunga Minnesota, siku ya unyevunyevu na huzuni mwishoni mwa majira ya baridi, akilitamani jua.

Dhana ya kwamba "Take Me Home, Country Roads" ni wimbo wa mzaliwa wa West Virginia nayo haina msingi. Denver alizaliwa Roswell, New Mexico, akakulia sehemu nyingi kwa kuwa baba yake alikuwa rubani wa kijeshi. Aliukamilisha wimbo huo pamoja na wanamuziki Bill Danoff na Taffy Nivert, ambao walianza kuuwaza wakiwa njiani katika jimbo la Maryland. Hata hivyo, West Virginia iliukubali kuwa mmoja wa nyimbo rasmi za jimbo mwaka wa 2014, nami naona ilifanya vyema.

Anayetaka kuhakikisha kwamba alichouziwa ni mkusanyo wa 1973, wala si mchanganyiko wa muuzaji, ahesabu nyimbo: ziwe 11, ya kwanza "Take Me Home, Country Roads" na ya mwisho "Rocky Mountain High". Akikuta "Thank God I'm a Country Boy" humo, ajue kuna mkono mwingine uliopita, kwa kuwa wimbo huo, ambao mtunzi wake ni John Martin Sommers aliyekuwa mpiga ala wa Denver, haumo katika mkusanyo huo.